MUULIZE FUNDI: Jenereta ya motahomu imegoma, uishike mwenyewe au uipeleke kwenye dhamana?

Barua za safari hii zina ugomvi mmoja wenye sura nyingi: jenereta ya motahomu (gari lenye nyumba ndani yake) bado iko ndani ya dhamana ya mtengenezaji, imegoma, na mwenye gari ana spana mkononi. Tuseme msimamo wetu mapema. Kupima ni haki yako wakati wote. Kufungua kusubiri mpaka dhamana iishe. Multimita, tochi, pua na masikio havijawahi kumnyima mtu dhamana, bisibisi ndiyo huleta maneno. Lakini usisahau upande wa pili: hitilafu zinazoongoza kwa wingi, yaani petroli iliyolala, oili pungufu na betri chovu, kwa kawaida hazilipiwi na dhamana. Kuipeleka motahomu karakana kwa ajili ya hizo ni kulipa ada ya uchunguzi uambiwe ulichoweza kukiona mwenyewe kwa nusu saa.

Mlio unapanda na kushuka, kisha inazima

*Habari za kazi, fundi. Motahomu yangu ina mwaka na miezi miwili. Jenereta ni ya petroli, kilowati 4, dhamana miaka miwili. Ililala miezi mitano bila kuguswa. Sasa inawaka, lakini mlio unapanda na kushuka, na nikiwasha kiyoyozi inazima papo hapo. Jirani anasema nifungue kabureta niisafishe, kazi ya saa moja tu. Nifungue?*

Usifungue, ndugu. Jirani huenda ameupata ugonjwa, ila dawa aliyokuandikia ina bei ambayo hakuitaja.

Mlio wa namna hiyo ni wa injini inayopata hewa nyingi na mafuta kidogo. Mizunguko ikishuka, gavana (kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini) inafungua koo la kabureta. Injini inaruka juu, gavana inafunga, na mchezo unaanza upya. Mara nyingi chanzo ni jeti iliyoziba, yaani kipuri chenye tundu la kupitishia petroli ndani ya kabureta. Tundu la jeti ya mwendo wa taratibu kwenye injini ndogo ni jembamba kama sindano, na petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta hukauka ikaacha utando wa kahawia unaonata kama gundi. Petroli huanza kuchakaa ndani ya mwezi mmoja au miwili, na ile yenye ethanoli huvuta pia unyevu. Miezi mitano inatosha na kubaki.

Hata hivyo kabureta isihukumiwe kabla ya wengine kuhojiwa.

Anza na tangi. Jenereta ya petroli kwenye motahomu hunywa kutoka tangi lilelile la gari, lakini bomba lake la kunyonyea hukatwa fupi makusudi, likaishia karibu na robo ya tangi, ili usiku mmoja wa kiyoyozi usikuache porini bila mafuta ya kuondokea. Geji ikisoma robo, kwa gari bado kuna mafuta, kwa jenereta tangi ni tupu. Ukiegesha kwenye mteremko, hata theluthi inaweza isitoshe.

Kisha oili. Gari liwe sawa, injini izimwe na ipoe kidogo, chomoa kijiti, futa, rudisha, soma. Injini nyingi za ukubwa huu hubeba oili ya lita 1.5 hivi, kwa hiyo upungufu wa nusu lita ni theluthi nzima. Usijaze kupita alama ya juu. Oili iliyozidi hupigwa na kombeo (krankshafti) ikatoa povu, na povu halishiki shinikizo. Nyingine hupitia bomba la kupumulia ikalowesha chujio la hewa. Ukikuta chujio la hewa lina oili, umepata jibu la swali ambalo hukuuliza.

Sasa mpira wa mafuta, na hapa ndipo wengi hupotea. Jenereta hunyonya, haisukumiwi mafuta kutoka juu. Mpira uliopasuka kwenye upande wa kunyonya haudondoshi kitu, unavuta hewa. Chini pakavu, hakuna harufu, na injini inakohoa. Upinde mpira kwa vidole karibu na klipu za mwisho: ukiona nyufa ndogondogo kama za udongo uliokauka, huo umekwisha.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni cha dumu. Injini ikiwa baridi, nje, kizimamoto kikiwa karibu, chomoa mpira unaotoka tangini pale unapoingia kwenye boksi la jenereta, uzibe. Unganisha kipande cha mpira mpya wa petroli, urefu wa mita moja, ukiingize kwenye dumu dogo la petroli mbichi. Dumu likae usawa wa jenereta au chini yake kidogo, mbali na bomba la moshi. Usilipandishe juu, petroli itajitiririsha yenyewe hata pampu ikiwa imezimwa. Shikilia kitufe cha kuvutia mafuta mpaka usikie pampu ikigonga vizuri, kisha washa. Ikinguruma sawasawa na ikabeba kiyoyozi, jenereta ni nzima: ubovu uko kwenye mpira, chujio la njiani au bomba la tangini, na hivyo kwa kawaida viko chini ya dhamana ya aliyeunda motahomu, si ya aliyetengeneza jenereta. Umejua mlango wa kubisha hodi. Ukimaliza, rudisha mpira wa zamani na klipu yake kama ulivyovikuta, ukague kama panavuja.

Ikiendelea kupanda na kushuka hata kwa petroli ya dumu, basi ni kabureta. Tia kwenye petroli dawa ya kusafishia mfumo wa mafuta kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, uiendeshe kwa mzigo wa wastani, kilowati 1 hadi 2, kwa saa moja au mbili. Utando mwepesi huyeyuka. Utando mzito hauyeyuki, na hapo tunakushauri ulipie karakana iliyoidhinishwa, hata kama gharama ni yako. Kabureta nyingi zina skrubu ya mchanganyiko iliyofunikwa kifuniko kidogo kisichorudi kikishatolewa. Fundi wa dhamana akikikuta hakipo, kesho stata ikifa utaanza kujieleza kuhusu kabureta. Umebakiza miezi kumi ya dhamana inayobeba alteneta (sehemu inayozalisha umeme), kibao cha udhibiti na injini yenyewe. Usiiuze kwa jeti moja.

Ikishapona, iendeshe saa mbili kila mwezi ikiwa na mzigo wa karibu nusu ya uwezo wake. Kwa kilowati 4 ni kiyoyozi kimoja na chaja ya betri. Kuiwasha dakika kumi bila mzigo hakusaidii. Injini haipati joto la kutosha kukausha unyevu. Kama italala zaidi ya mwezi, tia kihifadhi petroli ingali mbichi, kisha uiendeshe robo saa ili dawa ifike ndani ya kabureta. Dawa iliyobaki tangini hailindi jeti.

Stata inazunguka kwa uchovu

*Fundi, nikibonyeza kuwasha nasikia "tak", mara nyingine stata inazunguka kivivu halafu inaacha. Betri ni mpya. Karakana wanasema niwaachie gari wiki mbili. Je, ni stata?*

Inaweza kuwa stata, lakini mashtaka hayo yanahitaji ushahidi, nao unapatikana kwa multimita ya bei rahisi na mtu mmoja wa kukubonyezea kitufe.

Kwanza ujue jenereta yako inawashwa na betri ipi. Baadhi huchota kwenye betri ya gari, nyingine kwenye betri za ndani ya nyumba. Wapo waliobadilisha betri ya gari mara mbili huku jenereta ikitegemea ile nyingine.

Weka multimita kwenye volti za mkondo mnyoofu, gusa nguzo mbili za betri yenyewe. Ikiwa imetulia isome karibu na 12.6. Mwenzako abonyeze. Ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inahangaika, betri haina nguvu au haijajaa, umpya wake hausaidii. Ikibaki 11 au zaidi na stata bado ni mvivu, umeme uko betrini lakini haufiki.

Sasa tafuta unapopotelea. Ncha nyeusi iwe kwenye nguzo hasi ya betri: nguzo yenyewe, ile risasi ya katikati, si kibanio kinachoishika. Ncha nyekundu uichomeke kwenye chuma kitupu cha injini ya jenereta, kichwa cha bolti isiyo na rangi. Bila kubonyeza, itasoma sifuri. Abonyeze sasa. Ukisoma 0.2, njia ya kurudi ni safi. Ukisoma 0.5 au zaidi, umemkamata mwizi. Ukisoma 2, huhitaji stata mpya, unahitaji msasa.

Sababu yake ni hesabu fupi. Stata ikivuta ampea 100, kiungo chenye ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu kinakula volti nzima. Ukinzani huo ni kutu isiyoonekana, au rangi iliyopulizwa kiwandani chini ya kichwa cha waya wa athi. Fuata waya mnene mweusi kutoka jenereta hadi unapofungwa kwenye fremu. Ondoa waya hasi wa betri kwanza, kisha fungua bolti, sugua kichwa cha waya na fremu mpaka chuma king'ae, weka washa ya meno, kaza, ndipo upake grisi juu. Grisi hupakwa baada ya kukaza, si kabla. Fanya kipimo hichohicho upande wa chanya, kutoka nguzo chanya hadi bolti ya stata.

Kazi hii haigusi kitu cha ndani ya jenereta. Nyaya hizo zilifungwa na aliyeunda motahomu. Kama vipimo vyote vimekuja safi na stata inapata zaidi ya volti 10 lakini haizunguki, mpelekee fundi wa dhamana ukiwa na tarakimu zako kwenye karatasi. Mteja mwenye tarakimu husikilizwa tofauti na mteja mwenye "haiwaki".

Tena usishikilie kitufe dakika nzima. Sekunde 10, pumzika nusu dakika, jaribu tena. Stata huungua kwa kung'ang'anizwa, na stata iliyoungua kwa kung'ang'anizwa ina harufu yake, fundi ataijua akiisogelea tu.

Injini inanguruma vizuri, ndani giza

*Salamu. Jenereta inawaka bila shida, mlio mzuri, lakini hakuna umeme ndani ya motahomu. Nimesoma kwamba unaweza kuiamsha kwa betri ya volti 12. Ni salama?*

Kabla ya kuamsha mtu, hakikisha amelala. Kifaa cha kubadilisha njia, kile kinachochagua kati ya umeme wa nje na wa jenereta, husubiri nusu dakika hivi injini itulie kabla ya kuunganisha. Hesabu sekunde 60 kabla ya kulalamika. Halafu kagua breka iliyo kwenye jenereta yenyewe, si ile ya ndani. Breka iliyoruka mara nyingi hukaa katikati: izime kabisa kwanza, kisha iwashe. Soketi zenye kinga ya hitilafu ya athi nazo zina kitufe cha kurudishia.

Bado giza? Pima kwenye nyaya za kutokea za jenereta, multimita ikiwa kwenye mkondo geu, vidole mbali na chuma. Hapo ni volti 120 au 230 kulingana na soko ambalo mashine ilitengenezewa, na zote mbili zinaua. Kama hujazoea kupima umeme hai, hii ndiyo kazi ya kumwachia fundi, dhamana iwepo au isiwepo.

Volti kamili zikiwepo hapo, jenereta imetimiza wajibu wake. Ubovu uko kwenye kibadilisha njia au nyaya za motahomu. Ukipata volti chache tu, kati ya 2 na 10, sumaku iliyobaki kwenye rota (sehemu ya alteneta inayozunguka) bado ipo ila haipewi chakula: brashi za kaboni zimeisha au zimekwama, ringi zina kutu kwa kulala muda mrefu, au kidhibiti volti kimekufa. Ukipata sifuri tupu, sumaku imepotea au waya umekatika.

Huko "kuamsha" ni kupitisha volti 12 kwenye rota kwa sekunde chache ili sumaku irudi. Mafundi hufanya hivyo, ni kweli. Lakini ukikosea chanya na hasi, au ukisahau kuchomoa kidhibiti volti, unakiua kidhibiti, na alama ya kuungua kwenye kibao haifichiki. Ndani ya dhamana, jibu letu ni hapana. Na kama jenereta yako ni ya aina ya inveta, hata nje ya dhamana ni hapana: rota yake ni sumaku ya kudumu, hakuna cha kuamshwa, na kapasita zake zinaweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya injini kuzimwa.

Kama multimita yako inasoma hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde), andika namba hiyo pia. Kwa alteneta yenye ncha mbili za sumaku, mizunguko 3,000 kwa dakika hutoa hezi 50, na 3,600 hutoa hezi 60. Bila mzigo isome juu kidogo, mathalani 62 kwa mashine ya 60, kisha ishuke ukiweka mzigo. Ikiporomoka chini ya 57, kasoro ni ya injini au gavana, si ya umeme. Hii inamwokolea fundi muda, na muda wake ukiwa nje ya dhamana unaulipia wewe.

Ikiachiwa kitufe inazima, taa inapepesa

*Inawaka nikiwa nimeshikilia kitufe, nikiachia inazima. Taa inapepesa mara tatu. Ni nini?*

Kibao cha udhibiti kinapoachiwa kitufe hutafuta uthibitisho kwamba injini inaendelea salama: alteneta inatoa umeme, shinikizo la oili lipo kwa mashine zenye swichi hiyo. Kisipouona, kinazima. Kwa hiyo barua ya mwenzako hapo juu mwenye giza inaweza kukuhusu pia. Brashi mbovu huzaa dalili zote mbili.

Usibishane na taa, isome. Kwenye jenereta nyingi za kampuni ya Onan, kupepesa mara mbili ni oili, mara nne ni stata kuzungushwa kupita muda bila injini kuwaka, na mara tatu ni kwamba kuna namba nyingine nyuma yake. Bonyeza Stop mara moja na uhesabu: mipepeso mitatu, kituo, mipepeso sita ni 36, maana yake injini imezima bila kuamriwa, na hapo kwanza tafuta mafuta. Namba 27 inaashiria kibao hakioni volti za alteneta. Watengenezaji wengine wana orodha zao kwenye kitabu. Rekodi mipepeso kwa simu kabla hujabonyeza chochote kingine. Video ya sekunde ishirini ni ushahidi mzuri hasa kwa hitilafu inayojificha gari likifika karakana.

Wamekataa dhamana kwa sababu nilimwaga oili mwenyewe

*Fundi, jenereta imekufa ikiwa na saa 190. Nilibadilisha oili mwenyewe mara mbili. Karakana wanasema kwa kuwa sikuwapelekea wao, dhamana imekufa. Ni haki?*

Kubadilisha oili mwenyewe na kutobadilisha kabisa ni mambo mawili, na kazi yako sasa ni kuonyesha uko kwenye lipi. Vitabu vingi vya jenereta hizi vinataka oili ya kwanza imwagwe mapema, saa 20 kwa injini nyingi ndogo za petroli, kisha kila saa 150 au mara moja kwa mwaka. Kwa saa 190, mara mbili ndiyo hesabu yenyewe, mradi ya kwanza haikuchelewa. Una risiti za oili na chujio zenye tarehe? Uliandika saa za mita kila ulipomwaga? Picha ya mita ya saa na chupa ya oili pembeni, iliyopigwa siku ile, ina uzito kuliko maelezo marefu ya baadaye. Daraja la oili nalo lisomeke: ukitia isiyoruhusiwa kitabuni, umewapa sababu.

Sheria hutofautiana baina ya nchi na nchi. Nchini Marekani, sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamzuia mtengenezaji kuifunga dhamana kwa kipuri au huduma ya jina fulani, isipokuwa akivitoa bure. Lakini popote ulipo, soma karatasi ya dhamana yenyewe, si maneno ya mtu wa kaunta. Waombe wakuonyeshe kifungu kinachosema lazima uwapelekee wao, na wakupe sababu ya kukataa kwa maandishi: kipuri gani kimekufa, na kosa lipi la matunzo limekiua. Kama kilichokufa ni kibao cha udhibiti, oili inahusikaje? Kama ni kombeo lililong'ata beringi, hapo wana hoja ya kusikilizwa, na risiti zako ndizo mawakili wako.

Wakishikilia msimamo, ruka ngazi. Aliyekataa ni karakana. Aliyetoa dhamana ni mtengenezaji wa jenereta, ambaye mara nyingi si yule aliyeunda motahomu. Mwandikie moja kwa moja ukitaja modeli, namba ya mfululizo (serial) iliyo kwenye kibati, tarehe ya kununua, saa za mita na msimbo wa hitilafu. Karakana nyingine iliyoidhinishwa pia inaweza kuchunguza upya.

Wengine wanaosoma hapa wakati jenereta zao bado ni nzima, ulizeni mapema swali hili mkipeleka gari: "Mkifungua mkakuta ni mafuta yaliyolala, nitadaiwa nini?" Ada ya uchunguzi humwangukia mteja hitilafu ikiwa nje ya dhamana. Ulizeni pia kuhusu kushusha jenereta. Nyingine zimefungwa chini ya sakafu, mashine ya kilo 60 hivi au zaidi inayohitaji jeki maalumu, na si kila dhamana inalipa saa za kuishusha na kuipandisha.

Milimani haibebi

*Kilowati 4 zinabeba viyoyozi viwili nikiwa pwani. Nikipanda mita 2,000 inazima. Nidai dhamana?*

Hapana, dada, hiyo ni hewa. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa mita 2,000 umepoteza karibu robo. Zimebaki kilowati 3 na kidogo. Viyoyozi viwili vya wati 1,500 kila kimoja vimekwisha kuzimaliza, na kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo kwa kitambo kidogo. Washa kimoja, zima chaja na hita ya maji wakati kinaanza. Baadhi ya kabureta zina kirekebisho cha mwinuko kinachogeuzwa kwa mkono; hicho kimewekwa kwa ajili yako, kigeuze, na ukishuka kirudishe. Ukikisahau kwenye alama ya milimani, ukifika chini injini itakosa mafuta na kupata joto kupita kiasi.

Kengele ya monoksidi inalia

*Jenereta ikiwaka usiku, kengele ya hewa ya sumu inalia baada ya saa moja. Nimeondoa betri ya kengele ili tulale. Nisubiri miadi ya dhamana wiki ijayo?*

Zima jenereta leo na urudishe betri ya kengele kabla hujamaliza kusoma. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na usingizi mzito ndizo dalili zake, na aliyelala hazioni. Mkizihisi, tokeni wote nje kwenye hewa safi na mtafute msaada wa daktari, hata kama mnajisikia nafuu.

Mchana, injini ikiwa baridi, pitia bomba la moshi kwa tochi kutoka jenereta hadi mwisho. Tafuta masizi meusi kwenye viungo, gasketi iliyopulizwa, bomba lililobonyezwa na jiwe, au mwisho wake ukiishia chini ya gari badala ya kuvuka ukingo wa bodi. Angalia pia sakafu juu ya jenereta: kila tundu la waya lililokosa muhuri ni mlango wa moshi. Usilizibe bomba kwa utepe wala kopo lililokatwa. Piga picha, zitume karakana ukiandika neno "monoksidi" kwenye mstari wa kwanza, uombe miadi ya dharura. Mpaka litengenezwe, jenereta isiwashwe mtu akiwa ndani, hata kwa dakika tano za kuchemsha maji.